Godoro Bila Kicheko

Miadi ilikuwa saa nne, lakini saa kumi na mbili asubuhi Kiroja alikuwa amekwisha kuvaa suti. Aliketi ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, akiogopa kuegemea asije akalikunja koti. Tuseme ukweli tu: hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Mtu wa miaka sabini na miwili, aliyefiwa na mke, ambaye mgeni wake wa mwisho alikuwa msoma mita za maji, akiitwa redioni huvaa mapema.

Na huyo msoma mita naye alikoma. Kiroja alimshushia vichekesho vitatu pale mlangoni, kimoja nyuma ya kingine, mpaka bwana wa watu akaandika tarakimu vibaya na kulazimika kurudi kesho yake. Aliporudi hakugonga. Aliisoma mita kwa kuchungulia katika uwazi wa geti, akala kona.

Kiroja lilikuwa jina la jukwaani. Jina la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho na kwenye bahasha za hospitali. Enzi zake alikuwa akisimama peke yake mbele ya watu, bila muziki wala mwenzake wa kurushiana maneno, kipaza sauti kimoja na glasi ya maji, akawavunja mbavu saa nzima. Lakini katika yote aliyowahi kusema, kilichompa jina ni kichekesho kimoja cha nusu saa kilichoitwa Godoro.

Godoro lilimhusu binti yake wa pekee. Akiwa na miaka tisa, mtoto yule alikuwa bado anakojoa kitandani, na kila asubuhi godoro lake lilipandishwa juu ya paa la banda likauke. Kiroja alieleza jinsi majirani walivyoacha kusikiliza utabiri wa hali ya hewa, maana walitazama paa lake tu: godoro likiwa juu, jana kulinyesha. Watu walicheka mpaka wakashika matumbo. Onyesho lilirekodiwa, kanda zikanakiliwa mtaa kwa mtaa, na hadi leo lipo kwenye simu za watu ambao wakati ule walikuwa hawajazaliwa. Shuleni mtoto hakuitwa tena kwa jina lake. Aliitwa Godoro, mpaka kidato cha nne.

Sasa binti alikuwa na miaka arobaini, mpima ardhi katika mji mwingine, mama wa watoto wawili ambao babu yao aliwajua kwa picha. Alipiga simu mara mbili kwa mwaka. Aliuliza dawa za presha, akauliza kama paa linavuja, akaaga. Kabla ya kila simu Kiroja alikuwa akiandaa jambo la kumchekesha, akalifanyia mazoezi jikoni akiwa peke yake, na hakuna hata moja lililopata nafasi.

Kituo cha redio kilikuwa kinaanzisha kipindi cha vichekesho vya zamani. Mhariri wa vipindi alimpigia Kiroja akamwambia Godoro ndilo litakalofungua dimba. Aliweka masharti mawili. La kwanza, mzee aje asikilize rekodi yote pamoja na fundi mitambo, wachague yanayofaa kurushwa leo. La pili, binti atie saini ya kukubali, kwa sababu ndiye anayesemwa mle ndani, na wakati ule alikuwa mtoto.

"Saini si shida," alisema Kiroja, kwa haraka ya mtu anayejua vizuri kwamba ni shida.

Alimwandikia binti ujumbe, akaufuta, akauandika tena, mara saba. Jibu lilikuja baada ya siku mbili: "Nitafikiria baba." Alilisoma jibu hilo jikoni, akalisoma kitandani, akalisoma kwenye foleni ya duka la dawa. Lilikuwa na maneno mawili, na moja lilikuwa "baba".

Redio aliitaka, asikudanganye mtu. Lakini zaidi ya redio alimtaka binti. Alikuwa amejijengea imani kwamba akilisikia Godoro sasa, akiwa mtu mzima na watoto wake, atacheka, na akishacheka atakuja. Ungemsikia anavyolieleza jambo hilo ungetaka kumhurumia na kumzaba kibao kwa wakati mmoja.

Chumba cha sauti kilikuwa kidogo, hakina dirisha, kuta zimefunikwa sponji nyeusi zenye mabonde. Fundi mitambo alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amevua viatu chini ya meza, kikombe cha chai kimefunikwa kwa sahani ili vumbi lisiingie.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Unanijua?"

"Mama yangu anakujua."

Kiroja alilimeza hilo akaketi. Fundi alimwonyesha kwenye kioo cha kompyuta mistari miwili iliyokuwa ikipanda na kushuka.

"Aliyekurekodi alikuwa mtu makini," alisema. "Aliweka kipaza cha jukwaani peke yake na cha ukumbini peke yake. Huu mstari wa juu ni wewe. Hawa wa chini ni watu. Mimi huwa nawazima watu kwanza."

"Kwa nini sasa?"

"Kicheko kinaambukiza, mzee. Watu mia sita wakicheka, hata nikisomewa bei ya saruji nitacheka. Nikiwazima, mzaha unabaki na miguu yake wenyewe. Ukisimama tunaurusha, ukianguka tunauacha."

Mbele yake palikuwa na karatasi yenye safu tatu: Hai, Mahututi, Marehemu. Kiroja alipoiona alipata moyo. Huyu, alijiambia, ni mtu wa kazi.

Kumbe hakujua anakoingia. Mzaha wa kwanza ulihusu kibanda cha simu kilichomeza sarafu ya bwana mmoja aliyekuwa akimposa mchumba kwa njia ya simu. Zamani watu waligaragara. Fundi alisimamisha mitambo akauliza kwa adabu, "Sarafu ilikuwa inaingilia wapi?" Kiroja alieleza kwa mikono, akachora tundu hewani, akaeleza sauti ya sarafu ikianguka, dakika nne nzima. Fundi alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaandika Marehemu.

Uliofuata ulikuwa wa mtu aliyepanga foleni ofisini tangu alfajiri, alipofika dirishani akaambiwa foleni ile ni ya kuulizia foleni yako ni ipi. Fundi alicheka kwa pua. "Huu hai," alisema. "Wamebadilisha rangi ya ukuta tu."

Halafu zikaja dakika kumi na mbili za mapishi ya mke wake. Fundi alisikiliza akikuna kidevu.

"Huu si mzaha, mzee. Haya ni malalamiko."

"Watu walicheka."

"Walicheka wanaume. Sikiliza."

Akaufungua ukumbi, na kweli, kicheko kilichopanda kilikuwa kizito chote, cha vifua vya wanaume, hakuna sauti nyembamba hata moja ndani yake. Kiroja alikuwa ameisikia rekodi ile labda mara mia tatu na hakuwahi kuligundua hilo. Mke wake alikuwa akikaa safu ya tatu katika maonyesho mengi. Hakuwahi kumuuliza alikuwa akicheka wakati gani.

Lakini kilichomuumiza zaidi hakikuwa karatasi ile. Ilikuwa sauti yake. Hakuwahi kujisikia bila watu. Alimsikia mwanamume akisema neno, akinyamaza, akimeza mate, akingoja, akisema lingine, akingoja tena, katika chumba kisicho na mtu wa kumjibu. Hivyo ndivyo alivyoishi sasa nyumbani kwake, asubuhi hadi jioni, na kumbe hata wakati ule, ukiwaondoa watu, ilikuwa ni hivyo hivyo. Upweke ulimkaba pale kitini mbele ya mtoto wa watu, akajifanya anatafuta leso.

Hata hivyo alirudi kesho yake, na kesho kutwa. Alikuja na karanga za kutafuna na fundi. Kwa siku tatu alikuwa na mtu wa kumwambia "tutaonana kesho", na hilo si jambo dogo.

Siku ya nne ilikuwa zamu ya Godoro. Mhariri alichungulia mlangoni.

"Saini?"

"Inakuja," alisema Kiroja, na mhariri akaenda zake.

Kabla fundi hajabonyeza, Kiroja alimsimulia jinsi ilivyokuwa. Ilikuwa Jumapili alasiri. Mke wake alikuwa nesi na siku ile alikuwa zamu, hapakuwa na wa kumwachia mtoto, kwa hiyo alimketisha safu ya mbele na viatu vyake vya shule. Mzaha ulipokolea, wazo likamjia pale pale, hakuwa amelipanga: akamwita mtoto jukwaani. Mtoto alipopanda na kusimama kando yake, ukumbi ulilipuka. Walicheka kwa sekunde arobaini. Alizihesabu baadaye kwa saa.

"Arobaini, mwanangu. Wapo waliochekesha maisha yao yote wasipate ishirini."

Fundi akauzima ukumbi, akaanza.

Mzaha wa hali ya hewa ulipopita, mdomo wa fundi ulicheza wenyewe, akaandika Hai kwa penseli. Kiroja aliona, moyo ukamwinuka. Kisha sauti yake ikasikika, changa, ya furaha: "Njoo mama, njoo wamwone mwenye hali ya hewa." Vikasikika viatu juu ya mbao. Pale palipokuwa na zile sekunde arobaini hapakuwa na kitu, ila mvumo mdogo wa watu ulioingia kwenye kipaza cha jukwaani, kama mvua ya mtaa wa pili. Alikumbuka kwamba alikuwa amemshushia mtoto kipaza mdomoni awasalimie watu.

Mtoto hakuwasalimia watu. Alisema, karibu kabisa na kipaza, kwa sauti ya chini na ya heshima, "Baba, basi. Twende nyumbani."

Ukafuata mkwaruzo, kiganja kikikizuia kipaza. Kisha sauti ya Kiroja mwenyewe, nzito kwa kuzibwa lakini kila neno likisikika: "Simama kidogo. Bado wanacheka."

Mtoto alivuta pua mara mbili. Halafu kiganja kikaondoka, na sauti ya jukwaani ikanguruma, "Mpigieni makofi."

Fundi alisimamisha mitambo. Hakumtazama mzee, alitazama vitufe vyake.

"Ukumbi ukiwashwa sauti hiyo haisikiki kabisa," alisema. "Hata spika za mle ndani hazikufua dafu kwa kicheko siku ile. Na nikitaka naweza kuifuta, ni kazi ya dakika mbili."

"Rudisha."

Akarudisha. Kiroja akasema tena, rudisha. Mara ya tatu alifumba macho akajitafuta siku ile, akaviona viatu vya shule, akaiona taa, akazipata sekunde zake arobaini zote. Maneno yale hakuyapata. Alikuwa ameyasahau kabisa, na kuyasahau kulimtia aibu kuliko ambavyo kuyakumbuka kungemtia. Alipitisha miaka thelathini na moja akijisifu kwa watu kwa sekunde zile, kwenye harusi, kwenye misiba, kwa madaktari, na muda wote mtoto alikuwa ndani ya sekunde hizo anaomba kwenda nyumbani.

Alinyoosha mkono, akaichukua penseli, akafuta Hai na kuandika Godoro kwenye safu ya Marehemu.

"Mzee, ile ya hali ya hewa ni nzima," alisema fundi kwa upole.

"Najua. Iache hapo hapo."

Mhariri hakufurahi. Alisema bila Godoro hakuna ufunguzi, watu watauliza, matangazo yamekwisha kuandaliwa.

"Waambie limekauka," alisema Kiroja, kwa mazoea tu, na hakuna aliyecheka. Mhariri akasema basi wataanza na mtu mwingine, yeye watampigia baadaye. Kiroja alikuwa katika kazi ile muda mrefu wa kutosha kujua maana ya kupigiwa. Alirudi nyumbani kwa miguu, koti mkononi, akakaa sebuleni bila kufungua dirisha. Jioni alimwandikia binti, safari hii mara moja bila kufuta: "Saini haihitajiki tena. Halitarushwa. Baba."

Kesho yake, sahani ya chakula cha mchana ikiwa bado mezani, simu ililia. Haukuwa mwezi wa simu ya binti. Kiroja alipoona namba, alidhani kuna msiba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Kwema huko?"

"Kwema. Wamekukatalia?"

"Hapana. Nimekataa mwenyewe."

"Mwenyewe," binti alirudia. "Sikutegemea, kusema kweli."

Na hapo kitu kikalegea katika sauti yake. Alimweleza kwamba mtoto wake mdogo ameng'oka jino la mbele na analala nalo chini ya mto akiogopa dada yake ataliiba. Akamweleza juu ya majirani wawili aliowapimia viwanja wiki ile, kila mmoja akiamka kabla ya mwenzake kusogeza jiwe la mpaka, mpaka mawe yenyewe yakachoka na kugawanyika vipande. Kiroja alicheka, kicheko cha kweli kilichomtoa machozi, na akashangaa kugundua kwamba binti yake ni mchekeshaji. Alikuwa anajua kungoja kabla ya neno la mwisho. Saa ya ukutani ilionyesha wamezungumza dakika kumi na mbili. Haikuwahi kutokea.

"Shule zinafungwa mwezi ujao," alisema binti. "Nilikuwa nafikiria kuwaleta. Siku mbili tatu, kama hutachoka."

Kiroja alitazama mlango wa chumba cha pili, kilichojaa maboksi. Akilini alikuwa amekwisha kuyahamisha yote.

"Nafasi ipo," alisema. "Mago..." Akajiuma ulimi. "Vitanda vipo."

Binti aliguna, karibu acheke. Kisha akasema, "Baba, nikuulize kitu? Usikasirike."

"Uliza mama."

"Siku ile, pale juu, nilikuambia kitu. Niliona mdomo wako unatembea lakini sikusikia neno, watu walikuwa wanapiga kelele mno. Nimekuwa nataka kukuuliza tangu nikiwa mdogo. Ulinisikia?"

Uongo ulikuwa hapo, tayari, umeiva. Watu mia sita, ukumbi wa bati, na binti mwenyewe amekiri kwamba hakusikia neno. Rekodi yenyewe, ukumbi ukiwa umefunguliwa, ingemtetea mahakamani. Aliyejua ni fundi mmoja aliyevua viatu chini ya meza, na yule hakuwa mtu wa kusema. Na si kwamba Kiroja alijikaza akaukataa uongo kwa ushujaa. Aliutaka. Alifungua mdomo kuusema, akawaona watoto wakishuka na mabegi yao mlangoni, akamwona mdogo na pengo lake. Kisha akakisikia tena kisauti kile, cha chini, chenye heshima, kilichoomba mara moja tu.

"Nilikusikia," alisema.

Akaendelea kabla binti hajauliza zaidi.

"Nilikuambia usimame kidogo. Nilikuambia bado wanacheka." Aliegemeza viwiko mezani. "Nilikuwa nimesahau, mama. Jana ndipo nilipojisikia kwenye rekodi. Nilikukosea sana."

Mahali fulani upande wa pili gari lilipita, na mtu akaita mtu mwingine. Kiroja aliibana simu sikioni. Mzaha ulikuwa umekwisha kumfika ulimini, mzuri, mfupi, wa kuwatoa wote wawili pale walipokuwa, na alijua ungefanya kazi.

"Nilikuwa nawaambia watoto hukusikia," alisema binti hatimaye. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka. "Kila walipouliza kwa nini hatuji, nilikuwa nakutetea. Babu hana kosa, kelele zilikuwa nyingi. Nilijiambia hivyo mpaka nikaamini, na ndiyo maana nilikuwa napiga simu."

"Naelewa."

"Baba, hicho tu ndicho tulichokuwa tumebaki nacho, mimi na wewe. Kwamba hukusikia."

Hakukata simu mara moja. Kiroja alimsikia akipumua, naye akabaki ameketi mbele ya sahani yake, na hakusema kitu cha kumchekesha.